Waya wa Siku Moja

Mheshimiwa Mkurugenzi, ndugu wakaguzi, mafundi wenzangu, wageni waalikwa, nawe dada mshonaji uliyekubali kuja na kuketi safu ya mbele, hamjambo.

Nimeombwa nimsifu mkaguzi tunayemuaga leo, ambaye sisi mafundi tulimbandika jina la Mama Kipimo kwa sababu haachani na kipimo chake cha unene wa waya. Nitamsifu kwa kueleza kosa langu.

Miaka kumi na minane iliyopita alikuja kukagua nyumba ya mama yangu mzazi, niliyoifunga umeme kwa mikono yangu. Aliinama penye sanduku la fyuzi, akaushika waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaoteremka ardhini.

"Kaka, huu ni milimita mbili na nusu. Unaoleta umeme ni kumi na sita. Mbona huyu umemnyima chakula?"

Nikamjibu kwa kejeli, "Dada, huo haubebi kitu mwaka mzima. Unene wa nini?"

"Ni kweli, haubebi mwaka mzima. Siku ukibeba, unabeba wote."

Akakataa kusaini, na mama yangu akamnyima chai.

Ndugu zangu, hesabu yenyewe ni ngumu? Waya unaoingiza umeme ukiwa wa milimita za mraba kumi na sita, wa ethi nao uwe kumi na sita. Ule unaounganisha bomba la maji na ethi usipungue nusu yake, nasi huweka kumi kwa kuwa wa nane haupatikani dukani. Kuyajua hayo hakuhitaji shahada. Kunahitaji woga kidogo.

Nilipomaliza kubadilisha kwa mama, Mama Kipimo aliniuliza, "Na nyumba nyingine ulizofunga hivi?" Zilikuwa sita. Tukawa tunakwenda moja kila Jumamosi. Ya sita niliiahirisha kwa wiki moja, nikisema nimebanwa na kazi. Katikati ya wiki hiyo hita ya maji ilipata hitilafu, waya wangu mwembamba ukaungua kabla fyuzi haijakatika, umeme ukabaki kwenye bomba, na mwenye nyumba, dada huyu mshonaji aliyeketi safu ya mbele, akashika koki kwa mkono wa kulia.

Nilipokwenda kumwomba radhi, dada huyu alinitazama akaniambia, "Radhi nimekupa. Waya mnene uko wapi? Wajukuu wangu wanaoga humu." Niliufunga siku hiyohiyo, Mama Kipimo akinisimamia. Kisha akaenda kuandika ripoti, wala hakunifichia lolote. Nilifungiwa leseni miaka miwili. Ilikuwa haki.

Gauni alilovaa mstaafu wetu leo limeshonwa na dada huyu kwa mkono wa kushoto, baada ya miaka mitatu ya kujifunza upya kushika sindano.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kabla hamjapiga makofi, naomba mtazame mshono ule.