Kavetsa Anaingia Wodi ya Watoto

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei dunia nzima, kikombe cha Mama Njambi hakikupanda, na ndiyo sababu benchi lake halikukosa watu. Lilikuwa Kawangware, pale njia inapokata kona kuelekea Riruta: ubao mmoja mrefu ambao Murunga, fundi wa mbao, aliupiga randa na kuugongomea miguu mwenyewe, kwa hiyo alikuwa na haki ya kukaa karibu na jiko bila kuulizwa. Jumapili hiyo ya Julai baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Murunga alikuwa amejikunyata ndani ya koti lake la kijivu, koti moja tu alilokuwa nalo, la kanisani, la kazini na la matangani. Kesho yake asubuhi alitakiwa kumpeleka bintiye Kavetsa hospitali akakatwe mafindofindo, maana kila msimu wa baridi koo lilimvimba akashindwa kumeza hata uji. Mkewe Nasipwondi alikuwa ametoka kujifungua juzi tu. Baba ndiye angempeleka mtoto, na jioni baba ndiye angemwacha. Hilo la kumwacha lilimkaa Murunga kooni kuliko mafindofindo yalivyomkaa mwanawe.

Wenzake kwenye benchi walikuwa wawili, na wote walijiona wanajua hospitali. Shiundu, muuza samaki, aliitwa Redio kwa sababu hazimiki. Urbanus, mtu wa Machakos, aliitwa Daktari kwa sababu aliwahi kufua mashuka ya hospitali kabla hajaanza kushona viatu.

— Mimi nasema kitu nimeona na macho yangu, alianza Daktari. Wodi ya watoto si kama ya wazee. Kule mtoto anaoga maji moto. Kitanda iko na vyuma kando asianguke. Na shuka ni nyeupe mpaka unaogopa kuikalia.

— Utajuaje ni nyeupe, na wewe zilikuwa zinakufikia chafu? Redio alimuuliza.

— Shuka inasema yote, bwana. Ukifua shuka ya mtu unamjua kuliko pasta wake.

Murunga alitabasamu kidogo. Alitaka kusikia mambo ya maana, lakini hata haya yalimpunguzia uzito.

— Na chakula?

— Chakula inakuja na gari, alisema Daktari.

— Gari gani inaingia ndani ya nyumba?

— Gari ndogo ya kusukuma. Uji, maziwa, yai. Shida si mtoto kuingia, Murunga. Shida ni kutoka. Ukimrudisha hapa umpatie ugali na sukuma wiki, anakuuliza yai iko wapi.

— Huyo wangu hata sasa anauliza.

Redio aliweka kikombe chini. Alikuwa amengoja zamu yake, na kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu.

— Hayo ya yai ni madogo. Wewe jitayarishe kwa mlango. Mtoto wa ndugu yangu Wabwire alipolazwa, tulienda kumwona, ndugu wote. Sista wa wodi akasimama mlangoni akauliza, baba ya huyu mtoto ni nani? Sasa kwetu, ndugu ya baba si ni baba? Tukasema ni sisi.

— Wote? aliuliza Mama Njambi.

— Wote, na hakuna mtu alidanganya. Sista akatuangalia, akasema anaingia baba mmoja. Tukaanza kubishana hapo nani ni baba zaidi. Mkubwa wetu akasema yeye, kwa sababu ndiye alilipa mahari. Tulibishana mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha. Wabwire alibaki nje na kuku yake ya kuchoma mkononi.

— Kuku ikaenda wapi?

— Tukaila hapo kwa geti. Wewe ungefanya nini?

Walicheka mpaka kahawa ikammwagikia Murunga kwenye koti. Lakini kicheko kilipoisha, alijikuta bado yuko palepale alipokuwa.

— Mlango siogopi, alisema. Naogopa jioni. Sista ameniambia mchana nitakaa na yeye, jioni nitoke, asubuhi nirudi. Na huyo mtoto nikienda choo tu, anasimama nje ananingoja.

— Kwani umemwambia mnaenda wapi? aliuliza Redio.

— Kwa shangazi yake, Kibera. Ameshatoa rinda ya Krismasi.

— Hapo umefanya vizuri. Akiona sista, mwambie ndiye shangazi.

— Shangazi yake anamjua.

— Mwambie ni shangazi mwingine. Kwenu hamkosi.

— Na jioni ikifika?

— Unatoka akilala. Akiamka, hiyo ni kazi ya sista.

Daktari alitikisa kichwa polepole, kama ambavyo huenda aliwaona madaktari wenyewe wakifanya.

— Hapana. Iko njia. Unavua koti, unaiweka kwa kiti karibu na kitanda, unasema naenda choo. Mtoto akiona koti anajua baba ako karibu. Wanaume wengi walikuwa wanafanya hivyo. Jioni viti zimejaa makoti, na wenyewe wako mbali wanakula nyama.

— Wanarudi nyumbani na hii baridi?

— Mtu mwerevu anakwenda na koti mbili.

— Mimi niko na moja.

— Azima yangu, alisema Redio. Acha yangu kwa kiti.

— Yako inanuka samaki. Mtoto atajua ni wewe.

Redio hakukasirika. Badala yake macho yalimng'aa.

— Basi mimi ndiye nitabaki. Nitavaa koti yako, nilale chini ya kitanda, nikohoe kama wewe. Ile kikohozi yako naijua. Akiamka asikie, anarudi kulala.

— Na sista akikupata huko chini?

— Namwambia mimi ni baba.

Mama Njambi alilazimika kushika birika kwa mikono miwili. Murunga mwenyewe alikuwa ameanza kuupenda mpango wa koti. Alikuwa akijiuliza kama shati la ndani na gazeti kifuani vingemfikisha nyumbani, wakati mwanamke alipofika na kopo la bati mkononi. Alikuwa Wayua, msukaji wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, aliyepanga chumba plot ya nyuma majuzi. Alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake, na wakati Mama Njambi akilichagua, Redio akayarudia yote, ya shangazi, ya choo, ya koti na ya kukohoa.

— Mama, wewe umewahi kulaza mtoto hospitali? Redio alimuuliza, akitafuta shahidi.

— Mutie wangu, mwaka jana. Koo hivyohivyo.

— Si walimpatia yai?

— Walimpatia baadaye. Kwanza wanamnyima chakula asubuhi, ndiyo wamkate vizuri. Akiamka koo inauma, wanampatia maziwa baridi. Na siku ya kuingia sista aliniuliza nyumbani tunamwita nani, na akilia ananyamazishwa na nini. Ni watu wazuri.

Aliinua kopo lake, moshi ukimpitia usoni, akamgeukia Murunga.

— Lakini nimesikia shangazi, nimesikia choo, nimesikia kukohoa. Sasa huyo mtoto atajuaje kama baba yake anarudi?

Daktari alitazama viatu vya watu. Mama Njambi alikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Wayua alingoja kwa adabu, kisha akaona kaa litamzimikia, akaaga akaenda.

Murunga aliacha kikombe nusu. Nyumbani alimkuta Kavetsa kitandani, rinda la Krismasi limekunjwa kando yake, akimwimbia mtoto mchanga. Alikaa chini kwenye kigoda ili macho yao yawe sawa, akamwambia yote. Hakuna shangazi. Ni hospitali. Utalala, watatoa hicho kitu kinachokusumbua, utaamka koo linauma, utapewa maziwa baridi. Mchana niko, jioni natoka, asubuhi narudi. Kavetsa alilia, na Murunga alimwacha alie, ingawa kila chozi lilimuuma. Nasipwondi naye alimpapasa mgongo.

— Yai iko? aliuliza Kavetsa mwishowe.

— Iko. Baadaye.

Alifikiri, akifuta makamasi.

— Basi uniachie koti.

— Koti ya nini?

— Wewe hujawahi kwenda kazi bila koti. Lazima utakuja kuichukua.

Murunga alimkumbatia, na moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu daktari wa hospitali amtajie kisu.

Jumanne jioni alitokea benchini na shati tupu, amejikumbatia, meno yakigongana. Redio alimwona kutoka mbali.

— Wewe, umeibiwa koti?

— Iko night shift hospitali, alisema Murunga. Tangu jana.

— Si nilikwambia? Daktari aliwageukia wote. Si ni njia yangu hiyo?

— Ni njia yako, Daktari. Lakini huyu wangu anajua niko kwa Mama Njambi nakunywa kahawa. Amekatwa, ameamka, amekunywa maziwa. Ameomba yai, koo ikakataa. Sista amesema kesho kutwa nije nimchukue.

— Na ulipotoka, hakulia? aliuliza Mama Njambi.

— Jana alilia kidogo. Leo amejifunika hiyo koti mpaka puani, akanisukuma na mguu. Ati niende mapema, ndiyo nirudi mapema.

Redio alisimama, akavua koti lake, akamtupia Murunga mabegani, akarudi kukaa karibu na jiko kana kwamba hakufanya kitu. Murunga aliingiza mikono, harufu ya samaki na yote, akanyoosha kikombe ajaziwe.