Kitabu Kimoja, Wasomaji Wawili: Papa Callixte Anapumzika

Tarehe 31 Agosti 1958 mzee wetu Callixte Mbonigaba, tunayemwita Papa kwa heshima, anastaafu, baada ya miaka kumi na saba ya kutunza maktaba ya misioni yetu, hapa vilimani Masisi. Loo, tumechelewa kumwambia asante!

Alianza mwaka 1941 na vitabu arobaini na benchi mbili. Siku zile familia zilikuwa zikifika kutoka Rwanda na ng'ombe wao, hazijui jirani wala njia ya mtoni, na wenyeji wakizitazama kwa mbali. Papa Callixte akaweka sheria: hakuna anayepeleka kitabu nyumbani peke yake. Mnakuja wawili, mnaandikwa wawili, na asiyejua kusoma anasikiliza. "Kitabu iko ya bantu wawili, njo basi," alisema: kitabu ni cha watu wawili, ndiyo mwisho.

Nzabonimpa mfugaji aliandikwa pamoja na Gustave mkulima. Siku moja ng'ombe wa Nzabonimpa wakala maharage ya Gustave, na wawili hao wakanuniana. Kila mmoja alikuja kivyake kuomba kitabu walichokuwa wamekisoma hadi katikati, na kila mmoja akarudishwa mikono mitupu. Siku ya tatu walifika pamoja, bado wamenuna, wakapewa. Leo kila mmoja ni baba wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake.

Sasa niseme langu. Mwaka 1954 mimi, sekreteri, yaani karani wa misioni, niliona sheria hiyo ni ya kitoto. Nikawaandikia barua wakubwa wa misioni, zikaletwa kadi za jina moja moja, kila msomaji aazime peke yake. Papa Callixte alinionya, nikamcheka. Vitabu vilitoka vingi kuliko zamani, nami nikasifiwa. Lakini Mama Athanasie, mjane asiyejua kusoma, aliyezoea kusomewa na jirani yake Béata, hakupewa kadi, na Béata sasa aliazima peke yake. Alikuja Jumapili mbili, akakaa, asisomewe na mtu. Ya tatu hakuja. Mwaka jana tuliporudisha sheria ya zamani nilikwenda kumwita. Nyumba ilikuwa tupu, na hakuna jirani aliyejua amekwenda wapi. Ninaona haya hata leo.

Papa Callixte anahamia Pinga, kwenye shamba la marehemu kaka yake, ambako hajui mtu. Juzi nilifungua daftari lake tangu ukurasa wa kwanza. Kila mtu alitafutiwa mwenzake. Jina lake yeye halimo hata mara moja. Miaka kumi na saba, na hakuna aliyemwambia njoo tusome, hata mimi niliyekaa meza ya pili mle mle maktabani.

Asante, Papa. Utusamehe. Tunakuombea afya, mvua nzuri, na huko Pinga jirani atakayekubishia hodi mapema kuliko sisi.