Fundi Rangi Aliyekimbia kwa Mikono

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1983, akiwa mtoto wa tatu wa mshonaji nguo na mpiga chapa. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001 kwa alama za kuridhisha. Familia haina haja ya kuzikuza.

Alijifunza upakaji rangi. Hakudondosha tone sakafuni, wala hakuharakishwa na mtu. Mafundi wenzake walimwita Polepole. Tarehe 19 Agosti 2008 jukwaa la ujenzi lilikatika akiwa ghorofa ya tatu, akavunjika uti wa mgongo. Hakuwa amelewa. Hakuwahi kuonja pombe.

Alikaa hospitalini miezi saba. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyemkalisha mara ya kwanza kwenye kiti cha mbio, chenye magurudumu matatu. Mwaka 2014 aliingia timu ya taifa, na baadaye akapata medali ya shaba ya kimataifa katika mita mia nane. Wapinzani walilicheka jina la Polepole mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho.

Alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati tarehe 12 Desemba 2015. Siku ya posa alikuta ngazi nne mlangoni kwa wakwe, na shemeji zake wakataka kumbeba.

“Niacheni, suruali ni yangu,” aliwaambia, akapanda moja moja akiwa ameketi.

Alipofika sebuleni alisema, “Shikamoo, Mzee. Samahani, nimechelewa.”

“Marahaba, mwanangu,” baba mkwe alijibu. “Njiani kulikuwa na foleni?”

Kwa kuwa marehemu hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini, mkewe alimgeuza ubavu usiku na kumkagua ngozi kila asubuhi, asije akapata vidonda vya kukalia. Imesemwa kwamba alikosa matunzo. Si kweli. Tarehe 2 Mei 2024, siku tisa kabla ya mchujo wa taifa, mkewe aliona kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati.

“Mwalimu, daktari akiona hiki atanizuia. Siku tisa tu.”

“Siku tisa ni nyingi.”

“Kwa hesabu zako.”

Mkewe alifunga bandeji, wala hakumwita daktari. Marehemu alishinda mchujo. Tarehe 14 alilazwa, maambukizi yakiwa yameshaingia kwenye damu, na tarehe 23 Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi, alifariki. Kidonda kilionekana. Uamuzi ulikuwa wa watu wawili, na mmoja bado yupo.

Ameacha mjane, binti mmoja aliye darasa la pili, mama mzazi, dada wawili na mdogo wake wa kiume. Leo asubuhi, kabla ya marehemu kuvalishwa suti ya siku ya posa, mkewe alimkagua ngozi kama kawaida.

Apumzike sasa, kwa ubavu wowote apendao.