Ambrose Walubengo na Karai la Laini Saba

Mchungaji, wazee, kina mama, mafundi wa Laini Saba mliofunga vibanda vyenu mkaja huku Kawangware, wachezaji, na ninyi wengine mnaojiita wachezaji, familia imenipa mimi Musembi, kaka yake mjane, kazi ya kusoma historia ya shemeji yetu, kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, na kwa sababu kila mwingine aliyeombwa alisema atalia, nami kulia nilimaliza jana. Nitaisoma jinsi alivyoishi, na atakayeumia na aumie akiwa ameketi. Namwona mwenyekiti wa klabu, Bwana Khamala, amekaa karibu kabisa na jeneza, yeye na wenzake watano, wamefunga tai za klabu na kuvaa glavu nyeupe, tayari kumbeba marehemu hadi kwenye gari la kwenda Kimilili. Bwana Khamala, hizo glavu ni safi sana, kaa nazo hapo hapo, jambo la kubeba tutalifikia.

Marehemu Ambrose Walubengo alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika kijiji kimoja nje ya Kimilili, wilaya ya Bungoma, mtoto wa nne wa hayati Mzee Makokha na Mama Sella, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi hapa leo. Alisoma shule ya msingi ya kijijini kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akaingia sekondari mwaka 1968, akatoka mwaka uliofuata karo ilipokatika, na hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo, ila walimu, karani, bodi ya shule na ng'ombe aliyekufa kabla hajauzwa. Mwezi Agosti 1968 alitahiriwa kwa desturi ya kwao, hadharani, amepakwa matope, mbele ya ukoo mzima na wapita njia, akasimama kama mlingoti, jicho halikupepesa, na hili naomba mlishike vizuri, maana litarudi.

Alifika Nairobi Januari 1973, akapokelewa Laini Saba, kule Kibera, na fundi wa bati kutoka Machakos, Mzee Muia, mjomba wangu, ambaye alimfundisha kutengeneza masanduku ya wanafunzi, karai, ndoo na mikebe ya maua, na kufikia mwaka 1977 mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, jambo ambalo mwalimu analikana mpaka leo, namwona anatikisa kichwa pale nyuma. Sanduku la Walubengo hata ulirushe kutoka juu ya basi la Busia halifunguki. Ni katika kibanda hicho alipomwona dada yangu Kasiva, aliyekuwa amemletea mjomba chakula, na kuanzia siku hiyo akaanza kusifu muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa, ambacho wenzake kutoka Bungoma walikuwa wakikiita chakula cha kuku. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1979 hapa Kawangware, wakajaliwa watoto watatu, Mitchelle mwaka 1981, Mourine mwaka 1984, na Nyamai mwaka 1987, na kwao alikuwa baba mwenye kelele nyingi na mkono mwepesi wa kutoa.

Sasa tuje kwenye raga, ambayo ndiyo imewaleta nusu ya walio hapa, na nusu ya hao ningependa wangebaki kwao. Mwaka 1987 fundi mmoja Mwingereza, aliyekuja Riruta kufundisha kuchomelea vyuma, alileta mpira wa yai, si ule wa watu kumi na watano unaochezwa na watoto wa shule za bweni, bali ule wa watu kumi na watatu, ambao mtu akiangushwa anainuka, anausukuma mpira nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea, na timu ikiangushwa mara sita inaachia wenzao nafasi. Mafundi wa jua kali waliupenda mara moja, wakaanzisha Klabu ya Raga ya Mabati, marehemu akacheza mbele hadi mwaka 1990 alipovunjika mfupa wa bega, nami nikicheza ubavuni mwake, na wapo watu wa Dagoretti ambao mpaka leo wakiniona wanabadilisha njia.

Yule Mwingereza aliporudi kwao mwaka 1991, klabu ilioza kuanzia kichwani. Mwenyekiti alipatikana, Bwana Khamala, mfanyabiashara wa viatu Soko la Toi, ambaye hajawahi kuushika huo mpira ila siku ya kupigwa picha. Kukawa na nyota, kila nyota na jezi yake, namba yake, na kiti chake pale baa, Waluhya meza hii, Wakamba meza ile, wageni wakija kucheza nasi wanaondoka na njaa, na jezi zikafuliwa na wake zetu, dada yangu akiwa wa kwanza, hakuna aliyewahi kusema asante. Aibu ikafika kileleni Novemba 1992, wakati wa kampeni, timu ya Dagoretti ilipokuja uwanjani kwetu Riruta ikawakuta Mabati wanane, kwa sababu watano, wakiwa na jezi za klabu mgongoni, walikuwa wamekodishwa na mgombea mmoja kwenda kumshangilia na kuwatisha watu, mgombea ambaye jina lake halifai kutajwa karibu na jeneza la mtu mwema. Wiki iliyofuata Kasiva alikuta jezi mbili zinauzwa Soko la Toi, zimening'inia katikati ya blauzi, akazijua kwa mshono wake mwenyewe.

Januari 1993 marehemu alienda kwenye mkutano wa klabu, akaomba apewe timu aifundishe. Bwana Khamala alicheka, akamwambia mbele ya watu wote, "Chukua tu, fundi, hata hakuna kitu imebaki ya kuharibu," na hiyo ndiyo kazi ya maana pekee aliyoifanya mwenyekiti huyu tangu achaguliwe.

Marehemu hakuanza na mbio wala mazoezi ya viungo, alianza na karai. Alilitengeneza mwenyewe, kubwa, ukimweka mtoto ndani anaogelea, akalipeleka kwenye mfereji wa Laini Saba, bomba la maji la mtaa mzima, kando ya reli, akatangaza sheria mbili na hakuna ya tatu. Ya kwanza, mgeni aliyekuja kucheza nasi anakula kabla yetu, na chakula ni kile kile. Ya pili, jezi haina mwenyewe, na kila baada ya mechi mchezaji mmoja, kwa zamu, atazifua zote kumi na tatu kwa mikono yake, Jumapili mchana, pale mferejini, wakati foleni ya maji ni ndefu na kina mama wako wengi wa kutosha kumcheka. Wanaume wazima waliruka kama waliokanyaga makaa. Mmoja akasema, "Ambrose, mimi ni mwanaume nimetahiriwa, utaniinamisha kwa karai mbele ya mabibi?" Marehemu akamjibu, "Wewe ulisimama uchi mbele ya kijiji kizima, kisu kikapita na jicho halikupepesa, leo maji na sabuni ndiyo yanakutoa jasho?" Watu wakacheka mpaka yule mtu, zamu yake ilipofika, akainama, akafua. Kwa rekodi, wa kwanza kabisa kufua nilikuwa mimi, na zile jezi hazijawahi kung'aa vile tena.

Alikuwa na dharau, tusidanganyane kwa sababu amelala. Aliwadharau waliochelewa, waliojisifu, waliomlaumu refa, aliwaita kuku wa kisasa, wanene na hawawezi kuruka ua. Lakini dharau yake haikumtenga mtu kwa kabila wala kwa mfuko, iligawanywa sawasawa kama muthokoi ya dada yangu, na polepole zile meza mbili za baa zikawa sufuria moja, watu wakaanza kufika mapema, na mtu akiangushwa wenzake wawili wako juu yake kumwinua.

Mmoja tu ndiye aliyekataa karai, naye alikuwa bora kuliko wote. Murunga, fundi wa redio, winga, mbio zake ulikuwa unaona vumbi kwanza halafu yeye. Zamu yake ilipofika alisema, "Mimi sifui, buda, niko na bibi nyumbani." Marehemu akamwambia, "Basi huyo bibi Jumamosi avae viatu akuje acheze, wewe ubaki ukipika." Murunga akaketi nje, wiki hiyo na zilizofuata, akingoja aombwe, na hakuombwa. Tarehe 26 Agosti 1995 tulifika fainali ya kombe dhidi ya Dagoretti, Kibera nzima ikamsihi marehemu amchezeshe Murunga hata dakika kumi, Bwana Khamala akaja mwenyewe kibandani na viatu vipya kama zawadi, marehemu akavipima, akasema vinabana, akavirudisha. Tulipigwa vibaya. Jumatatu yake watu walikuja kurusha mawe kwenye kibanda, wakabonyeza masanduku ya wanafunzi aliyokuwa amekesha akiyatengeneza, na mashahidi wanajua ni nani aliyewanunulia warusha mawe hao soda. Marehemu alilitundika nje sanduku lililobonyea zaidi, akawa anawaambia wateja, "Hili haliuzwi, hiki ni kichwa cha mwenyekiti." Lakini ndani ya nyumba, dada yangu ndiye anajua, hakula siku mbili, kwa kuwa alimpenda Murunga kama mtoto wake, na aliogopa kwamba klabu itakufa kabla huyo kijana hajainama.

Murunga akahamia Dagoretti. Tukakutana nao tena kwenye fainali, tarehe 24 Agosti 1996, mvua imenyesha, uwanja wa Riruta umekuwa uji, sisi tuko mbele kidogo na refa ameshaanza kutazama saa, Murunga akaupata mpira akaondoka peke yake, na nyuma yake ni Ng'ang'a tu, muuza mkaa wa hapa Kawangware, mwembamba kama fito, ambaye nyota wa zamani hawakumruhusu hata kubeba maji. Ng'ang'a aliruka, akamshika vifundo vya miguu, wakateleza pamoja mpaka nje ya mstari wa pembeni, na kombe likaja Laini Saba. Bwana Khamala aliwahi kulibeba kabla ya nahodha, picha ipo, inaning'inia dukani kwake. Marehemu hakwenda kwenye picha. Alikuwa kwenye sufuria, akapakua sahani ya kwanza, akampelekea Murunga pale alipokaa na matope yake, akamwambia, "Kula, mgeni." Murunga alikula bila kuinua macho, na wachezaji wote wanajua kwamba neno hilo, mgeni, lilimwangusha kuliko Ng'ang'a.

Februari 1997 kifua kilianza kumsumbua, daktari akasema ni moshi na asidi ya kuchomelea bati kwa miaka mingi, akakatazwa kibanda, akakaidi. Mvua za El Niño zilipokuja mwisho wa mwaka huo alilazwa kwa mara ya kwanza, akapata nafuu, akarudi uwanjani na kiti chake, akitukana akiwa ameketi. Oktoba 1998 alilazwa tena, na Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, saa tisa alasiri, saa ya kuanza mechi, alikata roho, Mabati wakiwa uwanjani Riruta bila habari. Siku mbili kabla alimwambia Kasiva, nami nikiwa kando ya kitanda, "Mama Mitchelle, wanibebe walioshika karai. Hao wengine watembee nyuma."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa akiwapanga zamu, majirani wa Kawangware waliolala nje na sisi siku zote hizi, mafundi wa Laini Saba waliotengeneza jeneza kwa mikono yao na kulizungushia bati kama sanduku la mwanafunzi, Mchungaji na kwaya, timu ya Dagoretti waliokuja na mchele, na Bwana Khamala, tunamshukuru kwa kuja mapema na kupata kiti.

Sasa kubeba. Nimeshataja wosia, kwa hiyo Bwana Khamala na wenzako, mtavua glavu na mtatembea nyuma, na kama kuna atakayelalamika, karai liko pale nje, maji yapo. Wabebaji ni Ng'ang'a, mafundi watatu wanaojijua, na mimi. Mtu wa sita, mbele upande wa kushoto, familia haikuwa naye mpaka jana.

Jezi za Jumamosi zilikuwa bado kwenye gunia, hazijaguswa kwa sababu ya msiba. Jana mchana, Jumatano, Murunga alifika hapa, hakusema pole, akamwomba dada yangu lile gunia, akaenda nalo Laini Saba mpaka mferejini, foleni ikiwa imefika relini, akalijaza karai, akapiga magoti. Kina mama wakamrushia maneno, "Wee Murunga, bibi amekutoroka?" Akawajibu, "Hapana, mathe, nimechelewa tu." Akafua zote kumi na tatu, akizisugua kola mpaka ngozi ya vidole ikatoka, na hakuna aliyecheka tena.

Alizirudisha pamoja na karai lenyewe, ziko kwenye ua hapo nje, na kwa mvua ya usiku bado zinatona maji. Murunga, toka huko nyuma ulikojificha, chukua jezi yoyote, maana haina mwenyewe, ivae hivyo hivyo na ubichi wake, uje usimame mbele, upande wa kushoto.

Ambrose, lala kwa amani, yule mgeni amerudi nyumbani.