Svetolik Jevtić na Kopo Lililojifanya Kaseti

Ndugu na majirani mliopanda hadi makaburi ya Donji Lukovac kwenye tope hili, tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 4 Novemba 2022, ni Svetolik Jevtić, fundi. Wasifu huu umeandikwa na dada yake wa pekee, Ljubinka, ambaye ndiye anayeusoma. Wapo waliomshauri apunguze makali. Amepunguza. Haya ndiyo yaliyobaki.

Marehemu alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa kwanza wa Radojko na Stamenka Jevtić, wakulima wa plamu. Alikuwa mtoto mpole, lakini mzito wa kuitika. Mama akishapakua maharagwe, Ljubinka alitumwa kumtafuta, na kila mara alimkuta barabarani amebandika sikio kwenye nguzo ya simu, anasikiliza nyaya zinavyovuma.

"Sveto, mama anaita."

"Nyamaza kwanza, wanaongea."

"Kina nani?"

"Sijui. Si nimekwambia unyamaze?"

Maharagwe yalipoa, na aliyechapwa kwa kuchelewa ni Ljubinka.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1958, kisha shule ya ufundi mjini Valjevo, idara ya umeme, akahitimu Juni 1970 akiwa wa pili darasani. Jeshini alikuwa Skopje, kikosi cha mawasiliano, na alirudi na masharubu ambayo hakuyanyoa tena maishani.

Tarehe 1 Machi 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha vifaa vya kupimia Valjevo. Kiwanda kilipokufa wakati nchi ilipowekewa vikwazo, miaka ya tisini, alitengeneza redio na televisheni za watu nyumbani kwake akilipwa unga, jibini na rakija, pombe yetu kali ya plamu. Alikuwa fundi hodari, hilo habishi mtu. Wengi wenu hapa mmepita mlangoni kwake mkiwa na redio kwapani. Ukimletea redio mbovu, alikaa nayo mchana kutwa na kuisikiliza mpaka ikamwambia inaumwa wapi. Ukimletea habari ya mtu, alisema ana kazi.

Alifunga ndoa Jumapili tarehe 21 Septemba 1975 na Desanka Pantić, mwalimu wa hisabati, rafiki wa Ljubinka tangu darasa la kwanza. Mtoto wao Ognjen alizaliwa tarehe 3 Juni 1977. Mmemwona pale mbele, amesimama upande wa msalaba. Leo kuna watu wameomba iandikwe kwamba marehemu alikuwa mume mwema. Hakunywa kupindukia, hakuinua mkono, hakulala nje. Ljubinka anakiri hayo yote, na zaidi ya hapo hasemi kitu.

Majira ya baridi ya mwaka 1984 gazeti moja lilichapisha ramani ya kompyuta ambayo mtu angeweza kujiundia mwenyewe nyumbani, na nchi nzima ikanuka risasi ya kulehemu. Svetolik aliunda yake ndani ya mwezi mmoja. Lakini aliyejifunza kuiandikia programu ni Desanka. Mashine yenyewe ilikuwa haikumbuki kitu ukishaizima. Programu ilirekodiwa kwenye kaseti ya kawaida, ile ile ya muziki, nayo ilisikika kama mikwaruzo na milio ya kuchoma masikio. Kila ulipotaka kuitumia ilibidi uicheze upya kutoka kinasa sauti mpaka kompyuta imeimeza yote.

Februari 1986 Desanka aliandika mchezo. Ulikuwa kinu cha maji chenye vyumba tisa, na kila chumba kilikuwa na fumbo lake. Hakuuandikia watoto wa shule. Aliuandikia mumewe, akamkabidhi kaseti siku yake ya kuzaliwa, mbele ya Ljubinka.

"Chumba cha tisa kuna kitu chako," alimwambia. "Hukipati mpaka ufike."

Svetolik alifika chumba cha nane, akaishia hapo. Mafumbo hayakumshinda. Kilichomshinda ni kinasa sauti. Wenye mashine zile wanajua: kichwa cha kusomea mkanda kina skrubu ndogo, na kikipinda kidogo tu, kompyuta haielewi kitu. Kila jioni alikaa na bisibisi, anazungusha skrubu, anasikiliza, anazungusha tena. Mchezo ukikubali kuingia, alifurahi mno, akauzima, akauingiza upya kuhakikisha. Ljubinka alikuwepo nyumbani kwao jioni nyingi, na aliyasikia haya kwa masikio yake.

"Sveto! Umefika?" Desanka aliita kutoka jikoni.

"Bado. Natengeneza kichwa."

"Chako hicho ndicho kinataka fundi."

"Kesho, Desa. Kesho nafika."

Mwezi wa Mei mwaka ule redio ya mji iliurusha mchezo hewani. Ndivyo ilivyokuwa: mtangazaji alisema tayarisheni kaseti, kisha mikwaruzo ikapigwa dakika kadhaa, na watu wakarekodi majumbani. Mtangazaji alisema ni kazi ya mhandisi Svetolik Jevtić. Hakuwa mhandisi, na haikuwa kazi yake. Alikuwa amekaa palepale studio, na hakumsahihisha. Desanka alikuwa nyumbani anakunja nguo, redio imewashwa. Aliinua kichwa, akamtazama Ljubinka, akaendelea kukunja. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena kama mtu amefika.

Desanka alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Machi 2009. Alizikwa hapa, kwenye kaburi hili lililofunguliwa leo.

Baada ya hapo ndipo Svetolik alipoukumbuka mchezo. Mungu wangu, mwanamume huyo! Miaka ishirini na mitatu kaseti imekaa kwenye droo, mkewe yuko hai chumba cha pili, na yeye anasubiri mke azikwe ndipo aanze kumtafuta kwenye mkanda. Ljubinka alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Alikwenda kununua waya.

Aliogopa kuicheza kaseti. Kinasa sauti chake kilikuwa kimeshatafuna nyingine mbili. Akaamua kuunda kifaa cha kukaa mahali pa kinasa sauti: kisichokuwa na mkanda, kichwa wala skrubu. Alikitia ndani ya kopo tupu la ratluk, zile peremende laini za sukari, na ua waridi la kifuniko bado linaonekana. Ndani mliwekwa chipu, kadi ndogo ya kumbukumbu na taa nyekundu. Kazi ya kopo lile ilikuwa moja, kuidanganya kompyuta kwamba kaseti inazunguka. Nyaya zilikaa kwenye boksi mpaka alipostaafu; alianza mwaka 2016, na kopo lilimchukua miaka miwili, kwa kuwa lilipokataa alilifumua lote na kuanza upya. Lilipokuwa tayari, kilichobaki ni kuichukua sauti ya kaseti ile mara moja tu, kwenye mashine nzuri ya mtu mwingine, na kuitia kwenye kadi.

Ognjen alikuwa anafanya kazi Linz, nje ya nchi. Alipokuja likizo alijua baba yake anatafuta mashine nzuri, akaibeba kaseti kimyakimya hadi kwa mafundi wa sauti kule Linz ili amfanyie jambo la kumfurahisha. Alirudi nalo siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa nyumba ya Jevtić, tarehe 19 Desemba 2018. Mshumaa ulikuwa unawaka, ngano ya baraka iko mezani, wageni wamekaa. Akamkabidhi baba yake diski iliyofungwa utepe.

"Kaseti ya mama, baba. Wameisafisha vizuri sana. Ile kelele mbaya yote imetoka, huisikii hata kidogo!"

Svetolik aliweka kijiko chini.

"Kelele gani?"

"Ile ya mikwaruzo. Mwanzo mpaka mwisho ilikuwa kelele tupu."

"Kelele ndiyo programu, we punguani! Kelele ndiyo yenyewe! Kaseti iko wapi?"

"Walisema haina kazi tena. Nikawaambia watupe."

Wageni walitazama sahani zao. Svetolik alimwambia mwanawe, mbele ya mshumaa wa mtakatifu, kwamba amemzika mama yake mara ya pili. Ognjen alichukua koti lake akaondoka na theluji ile, na kwa karibu miaka minne baba na mwana hawakupigiana simu. Ljubinka alimtetea kijana, na bado anamtetea. Yeye alikuwa na miaka minane mchezo ulipoandikwa, hakuruhusiwa kuisogelea mashine, na aliitupa kaseti kwa kutojua. Aliyejua ilikuwa na nini aliiacha kwenye droo.

Agosti 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, iliyokwisha kuenea. Madaktari walimrudisha nyumbani na mtungi wa oksijeni. Ljubinka alimpigia simu Ognjen. Kijana hakuja mara moja. Alikaa wiki nzima akiandika kwenye mitandao ya wapenzi wa kompyuta za kale, akiuliza kama yupo mtu aliyerekodi redio ya Valjevo Mei 1986. Akajibiwa na Fuad, wa Tuzla, ambaye mwaka 1986 alikuwa kibarua Loznica, mji wa jirani na Valjevo. Miaka ya tisini alikimbia vita na begi moja, na kaseti ile ilikuwemo kwa sababu upande wake wa pili una sauti za harusi ya dada yake.

Ljubinka alikuwa kando wakati Ognjen, aliyekwisha kufika, anazungumza naye kwenye simu.

"Nirekodie vilevile ilivyo, kaka! Usiisafishe, nakuomba! Na uchafu wake wote!"

"Tulia, bwana," alisema Fuad. "Na mimi nilikuwa nayo mashine. Unadhani nitaifulia sabuni?"

Jumapili tarehe 9 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, sauti ya kaseti ya Fuad ilitiwa kwenye kadi na kadi kwenye kopo. Taa nyekundu iliwaka. Mchezo uliingia mara ya kwanza, bila bisibisi, bila neno. Svetolik hakuushangilia. Yeye alitaja na Ognjen akabonyeza: fungua mlango wa maji, chukua gunia, panda ngazi. Alivikumbuka vyumba vyote vinane. Cha nane alikifungua kwa jibu alilokuwa nalo tangu mwaka 1986.

Chumba cha tisa hakikuwa na fumbo. Kioo kilikuwa cheusi, na katikati kulikuwa na maandishi: UMEFIKA, SVETO. SASA ZIMA MASHINE, NJOO JIKONI.

"Ndiyo mwisho, baba?" aliuliza Ognjen. "Kuna cha kubonyeza tena?"

Walikuwa wamekaa jikoni. Tangu Desanka azikwe Svetolik alikuwa amehamishia karakana yake humo, kwa sababu mwanga ni mzuri, na alipougua akahamishia na kitanda. Juu ya jiko pana maboksi ya nyaya. Meza ambayo Desanka alikuwa akikandia unga imejaa madoa ya risasi. Svetolik aligeuza shingo akautazama mlango, kisha jiko, kisha kiti kimoja baada ya kingine. Alivua mpira wa oksijeni puani.

"Ljubo, alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Sijui, kaka. Hukwenda."

Ognjen alizima mashine. Siku zilizofuata Svetolik alikula kidogo, hakugusa kopo wala kompyuta, na alitaka kitanda chake kibaki palepale jikoni. Ljubinka alimlisha supu, akamkata kucha, akamnyoa mashavu. Hakumwomba msamaha wala hakumpa maneno matamu. Alimpenda kaka yake, na alikuwa na hasira naye, na anayo mpaka sasa anaposimama hapa.

Alifariki alfajiri ya Jumatano tarehe 2 Novemba 2022, Ognjen akiwa amemshika mkono.

Marehemu ameacha mwana, Ognjen, mkwe, Renate, wajukuu wawili, Desa na Matija, na dada, Ljubinka. Familia inamshukuru Fuad wa Tuzla, ambaye amesafiri na basi na yuko hapa nasi. Mezani nyumbani pana supu na mkate, karibuni wote. Wajukuu, ninyi mliokuja na simu mikononi: mama yenu akiita kutoka ndani, nendeni siku hiyo hiyo.

Mungu ampokee Svetolik na ampe mapumziko. Analazwa ubavuni kwa Desanka, na Ljubinka hatamwombea radhi kwake. Aombe mwenyewe.