Mama Ngazi na Shina la Wapangaji Wawili

Leo, tarehe 30 Juni, fundi seremala wa hifadhi yetu ya ndege, ambaye sote tunamwita Mama Ngazi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Tunaandika haya mbiombio, maana mwenyewe yuko juu ya ngazi na hataki kushuka!

Aliajiriwa kutengeneza viti vya wageni na kuziba paa la ofisi. Muda si muda akawa anajenga masanduku ya viota, na paa likaendelea kuvuja. Bintiye hutania kwamba utotoni alizijua zaidi soli za viatu vya mama yake kuliko uso wake.

Lakini kisa chake hasa ni lile shina kavu nyuma ya karakana. Kasuku walitaga katika tundu la juu, bundi akahamia la chini. Mama Ngazi, aliyewapenda kasuku kama watoto wa kuwazaa, aliona jirani huyo atawamaliza. Bundi alipotoka kuwinda, akapanda, akaligongomea ubao tundu lake. Siku chache baadaye nyoka alipanda shina na kumeza mayai yote ya kasuku. Kumbe bundi ndiye aliyekuwa akimfukuza! Mama Ngazi alilia mbele yetu bila kujificha, akaung'oa ubao, akaapa hatastaafu kabla makinda wa kasuku hawajaruka kutoka tundu lile.

Bundi alirudi upesi. Kasuku walikuja, wakachungulia, wakaenda zao, mwaka baada ya mwaka. Tulimtania kwamba wamemwekea kinyongo. Yeye hakucheka.

Mwaka huu wamerudi! Juu makinda wa kasuku, chini makinda wa bundi, na kelele zao hazisemeki. Wageni waliokuwa wakimkimbia bundi sasa wanapanga foleni kumpiga picha.

Tatizo ni kalenda. Kinda wa kwanza aliruka juzi, wa pili jana. Wa tatu, mnene kuliko wenzake, amekaa mlangoni anatazama tu. Ndiyo maana sherehe ya kumuaga imehamishiwa nyuma ya karakana, na mkurugenzi ameahidi kukatiza hotuba yake pindi kinda huyo akikunjua mabawa. Wanaomjua mkurugenzi wanaelewa uzito wa ahadi hiyo.

Mama Ngazi, asante kwa viota, kwa ukali wako na kwa vicheko. Tunakuombea afya njema na siku nyingi za raha na familia yako. Koti la kazi umerudisha, funguo umerudisha. Ngazi bado, na mpaka huyo mnene aruke, hakuna atakayekuuliza.