Fulana Alizozipiga Pasi Zadock

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto kidogo anisikie. Leo tunamkumbuka Zadock, mpiga pasi wa hoteli moja pale Al Rigga, Dubai. Zadock ametutoka wiki iliyopita akiwa na miaka thelathini na minane. Moyo ulisimama akiwa kazini, pasi mkononi. Mimi ni Fairuz, na maneno mtakayoyasikia niliyapokea kwa waliomjua, chumbani kwake, Al Muraqqabat, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha ghorofa, nguo za watu zinaning'inia juu ya kichwa changu.

Sitataja chama leo. Sitataja kabila. Mkenya anayenisikiliza anajua, na wengine mtaelewa tu.

Zadock alikuja Dubai mwaka 2003. Kazi yake ilikuwa chini ya hoteli, chumba kisicho na dirisha: shuka, vitambaa vya meza, mashati ya wageni. Dadake, Precious, anafanya kazi kwa madam mmoja huko Jumeirah. Ananiambia: "Zadock alikuwa na mdomo, wacha tu. Lakini mkono wake ulikuwa mpole. Tukiwa watoto yeye ndiye alitupigia pasi uniform, ile pasi ya makaa. Zedekiya alikuwa anangoja yake ikiwa moto moto, avae akimbie."

Lishikeni hilo jina, Zedekiya. Ni kitinda mimba wao. Alikuwa na duka la kutengeneza baiskeli katika mji mdogo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo wazazi wao walihamia zamani.

Basi ukaja uchaguzi wa mwaka 2007. Wakenya walioko nje hawakuwa na kura. Kura hatuna, tukabaki na midomo, na kadi za simu za kupigia nyumbani. Nasema "tukabaki" kwa sababu nilikuwepo Dubai mwaka ule, na nilisikia jinsi watu wazima walivyokuwa wakifokea simu pale Deira kama makocha nje ya uwanja.

Kwenye kitanda cha chini ya kile cha Zadock alilala Yekoniya, Mkenya mwenzake, wa upande mwingine wa siasa. Walikuwa marafiki wa kutaniana mpaka mtu wa tatu anaona haya. Walikubaliana kwamba atakayeshindwa atapikia chumba kizima ugali mpaka Pasaka. Mwamuzi alikuwa Taib, mtu wa Lamu, muuza manukato, ambaye aliwacheka wote wawili.

Halafu Zadock akapata wazo. Alikwenda kwa mchapishaji mmoja Deira, akachapisha fulana za chama chake. Akazipiga pasi mwenyewe, moja moja, na kila mkono wa fulana akautia mstari uliosimama. Ndivyo alivyozoea kupiga mashati ya wageni. Nani anaipiga fulana pasi ya namna hiyo? Zadock. Zikapelekwa Kenya ndani ya mizigo ya msafiri, Zedekiya azigawe.

Yekoniya anasema: "Hata mimi nilimsaidia kuzikunja. Si ilikuwa mchezo? Nikamwambia, kunja vizuri, mtazihitaji kupangusa machozi." Aliposema hayo akaniomba nizime kinasa sauti. Nikazima.

Kura zikapigwa Alhamisi. Jumamosi Zedekiya akapiga simu. Mji umebadilika, akasema. Wenzake wameshavua fulana. Yeye afanyeje? Yekoniya alikuwa pale, alisikia jibu. Zadock alimwambia, "Usivue. Wewe ni mwanaume ama? Tunashinda hii. Usivue."

Wasikilizaji wapendwa, alimwambia asivue.

Jumapili matokeo yakatangazwa. Kabla jua halijazama, mji ule ulikuwa unawaka. Simu ya Zedekiya iliita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Halafu haikuita kabisa. Zadock akaenda kwa msimamizi kuomba pasipoti yake arudi nyumbani. Akaambiwa kafeel, yaani mdhamini anayezishika pasipoti, yuko safarini, arudi baada ya sikukuu. "Yalla, Zadock. Mwaka mpya huu, hoteli imejaa." Akarudi chini. Siku ile alipiga pasi vitambaa vya meza vya karamu, vyeupe, chungu nzima. Angefanya nini? Niambieni, angefanya nini?

Taib anakumbuka mkesha wa mwaka mpya, wako mkahawani wanatazama habari. "Akatokea mtu, aipa kamera mgongo, akimbia barabarani na fulana ile. Zadock akenda mpaka penye televisheni, akainama. Nikamwuliza, wafanya nini? Akanambia, natazama mkono, kama una mstari wangu. Picha ikapita. Akangoja waionyeshe tena. Wateja wamwambia akae, yeye hasikii."

Baada ya siku mbili mama yao akapata simu ya kuazima, akiwa uwanjani mwa kanisa alikokimbilia na watu wengine. Zedekiya ameokotwa karibu na duka lake. Waliomuua walimjua kwa fulana. Na mama, kwa jinsi uso ulivyokuwa, alimtambua kwa ule mstari wa pasi mkononi mwa fulana.

Zedekiya alizikwa Zadock akiwa chini ya hoteli. Pasipoti ilitoka mwisho wa Januari. Hakwenda. Alisema hana uso wa kumtazama mamake.

Na kile chumba? Yekoniya ndiye aliyeshinda lile shindano. Lakini Yekoniya ndiye aliyepika ugali mpaka Pasaka. Hakuna aliyemwomba. "Vitanda vyetu vimeshikana," ananiambia. "Yeye akilia juu, changu kinatikisika. Shangazi yangu pia, wa upande wetu, alichomewa nyumba. Ningemwambia nini? Nilikuwa naweka sahani, naenda kazini. Siku zingine nikirudi naikuta vile vile."

Mwaka mmoja na miezi tisa akaishi hivyo. Mdomo ukaisha. Kitu kimoja tu kilimfanya aongee: kumsikia mtu akipiga siasa kwenye simu ya nyumbani. Alikuwa akimshika mkono, akimwambia, "Muulize kwanza amekula. Muulize mlango wake una komeo. Wewe uko mbali na moto, usimwambie aliye ndani asitoke." Wengine walimcheka, wakasema amechanganyikiwa. Mimi naona yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili, na nina hasira kwamba aliipata kwa bei ile.

Wiki iliyopita Precious alimpigia mama simu kumwambia na huyu amekwenda. Kijijini anakoishi sasa bado anaitwa Mama Zadock, na ataitwa hivyo mpaka mwisho. Mama akauliza watamvisha nini. Precious akataja shati la buluu, zawadi ya sikukuu. Mama akasema, "Hapana. Nyeupe. Isiwe na rangi, isiwe na neno lolote. Rangi zimenimalizia watoto."

Yekoniya akanunua shati jeupe, akalipiga pasi mwenyewe. Hajui kupiga pasi. Kola ilikunjamana, na mikono hakuitia mstari. Hilo ndilo shati alilovaa Zadock alipopakiwa ndegeni kwenda kwao.

Kwako Mama Zadock, kwako Precious, nanyi Yekoniya na Taib, poleni sana. Sina neno la kuondoa uchungu huu, na sitajifanya ninalo. Mungu awashike.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlioko Dubai, Muscat, popote penye kadi ya simu na hasira za nyumbani: uchaguzi utakuja mwingine. Mtapiga simu, najua. Basi mpigie ndugu yako, muulize yuko wapi na amevaa nini. Akikwambia anaogopa, mwambie avue.